Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kununua Ng'ombe wa Maziwa ya Familia

Familia nyingi zinazokusudia kujitosheleza kwa maziwa huanza kwa kutafuta ng'ombe, ilhali kinachopaswa kutangulia ni malisho. Katika vihamba vya Kilimanjaro, yaani mashamba ya nyumbani yenye migomba, ambako ng'ombe hukaa bandani na kuletewa chakula, kiangazi huwalazimu wafugaji wengi kununua nyasi au kuzifuata tambarare, na gharama hiyo humeza faida yote ya kuwa na maziwa ya nyumbani. Kwa hiyo ni busara kupanda majani ya tembo au gwatemala kwenye kingo za makinga maji na mipaka ya shamba angalau msimu mzima kabla ya kununua mnyama, pamoja na mikunde kama lusina, kaliandra au desmodiamu, ambayo huongeza protini. Ng'ombe mwenye uzito wa kilo 400 anayekamuliwa huhitaji takriban kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku. Hesabu hiyo ifanywe kwa miezi ya kiangazi, kwa kuwa wakati wa masika hata shamba dogo huonekana linatosha. Mabua ya mahindi yahifadhiwe pakavu mara baada ya mavuno. Migomba iliyokatwakatwa humpa ng'ombe maji mengi na lishe kidogo, hivyo isihesabiwe kuwa mlo kamili.

Maji nayo yasisahauliwe: ng'ombe wa maziwa aweza kunywa lita 60 au zaidi kwa siku, na ikiwa yanatekwa mbali, ijulikane mapema ni nani atakayeyabeba.

Pale eneo lisipotosha, mbuzi wawili wa maziwa, kama Toggenburg au machotara wao, wanafaa kuliko ng'ombe mmoja mwenye njaa. Ziko sababu zaidi ya chakula. Ng'ombe hubeba mimba kwa muda wa miezi tisa na hupaswa kukaushwa, yaani kuachwa kukamuliwa, takriban siku 60 kabla ya kuzaa, na katika kipindi hicho watoto wa nyumba yenye ng'ombe mmoja hukosa maziwa. Mbuzi, ambaye mimba yake huchukua takriban miezi mitano, aweza kupandishwa kwa zamu na mwenzake ili mmoja akamuliwe wakati mwingine amekaushwa. Anayeamua kufuga ng'ombe hata hivyo, na eneo lake ni dogo, achague chotara wa Jersey, kwa kuwa mwili wake mdogo hula kidogo kuliko Friesian na maziwa yake yana mafuta mengi.

Ugonjwa wa kuogopwa kuliko mingine ni ndigana kali, inayoenezwa na kupe na inayoweza kumuua ng'ombe wa kisasa kwa muda mfupi. Ipo chanjo inayotolewa mara moja na mtaalamu, hivyo muuzaji aulizwe kama mnyama amechanjwa, na kuogesha dhidi ya kupe kuendelee hata baada ya chanjo, kwa sababu kupe huleta maradhi mengine pia. Namba ya simu ya mhimilishaji, yaani mtaalamu wa kupandikiza mbegu za dume kwa chupa, ipatikane mapema vilevile. Joto la ng'ombe, yaani hali ya kutaka kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi na dalili zake kwa kawaida hudumu chini ya siku moja, hivyo anayeanza kumtafuta mtaalamu baada ya kuziona huenda akapoteza wiki tatu.

Wanafamilia wakubaliane nani atakamua alfajiri na jioni, na kwamba maziwa yote yatachemshwa hata ng'ombe akionekana mzima, kwani kifua kikuu na homa ya kutupa mimba huweza kumfikia binadamu kwa njia hiyo. Ng'ombe anapotibiwa kwa antibiotiki, maziwa yake yamwagwe hadi muda uliotajwa na daktari wa mifugo uishe.

Siku ya kununua, ikiwa mnyama anakamuliwa, mnunuzi aombe kumkamua mwenyewe jioni na asubuhi inayofuata, akamue matone ya kwanza ya kila chuchu kwenye chombo cheusi kuona kama yana mabonge, na abonyeze kiwele kilichokwisha kukamuliwa: kikiwa kigumu sehemu yoyote, asilipe.