Somo: "Til våren" ya Grieg, wimbo ukiwa mkono wa kushoto

"Til våren" (yaani "Kwa machipuko") ni kipande cha piano; Edvard Grieg aliitunga mwaka 1886 nyumbani kwake Troldhaugen, karibu na Bergen, Norwei. Ndiyo inayofunga Op. 43, mkusanyiko wake wa vipande vya piano, ikiwa namba 6. Inahusu machipuko yanayokuja baada ya baridi ndefu, na mwendo ulioandikwa ni Allegro appassionato, yaani haraka na kwa hisia kali. Wanaoiburuta ili isikike "tamu" wanaiharibu.

1. Ufunguo ni F-shapu meja, shapu sita. Vitufe vyeupe vinabaki viwili tu: B, na E-shapu inayobonyezwa kwenye F. Hiyo E-shapu ndiyo inayosahaulika. Ingiza viganja ndani, karibu na mbao iliyo nyuma ya vitufe, vidole vilale kidogo.

2. Kipimo ni 6/4. Hesabu mapigo makubwa mawili, kila moja lina noti tatu za robo. Ukihesabu sita, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) zitagonga kama cherehani.

3. Hapa ndipo penye kazi. Mkono wa kulia unarudiarudia kodi juu, kwa sauti ndogo. Wimbo uko chini yake, kushoto. Sikio limezoea kufuata noti za juu, kwa hiyo sauti ya mkono wa kulia inapanda bila wewe kujua na wimbo unazama. Piga kushoto peke yake huku ukiuimba. Kisha ongeza kulia bila kutoa sauti, vidole viguse vitufe tu. Mwisho piga vyote, robo = 80 (noti 80 za robo kwa dakika), ukipandisha 4 kila inapokaa sawa. Usiinue vidole kutoka kwenye vitufe kati ya kodi na kodi. Kifundo cha mkono kikikaza, simama.

4. Sehemu ya kati inaanza chini na kupanda polepole. Ukimaliza nguvu mapema, kilele hakitakuwepo.

5. Wimbo ukirudi umehamia kulia, na kushoto kunatembeza noti za kodi mojamoja. Uzito uweke kwenye kidole cha 5 (kile kidogo) cha mkono wa kulia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, kodi zangu nyingine hazitoi sauti kabisa. Piano ni ile ya kusimama, ya kanisani.*
Piano ya kulala inarudia noti kabla kitufe hakijapanda chote; ya kusimama inataka kitufe kipande karibu hadi juu. Kiachie zaidi, na punguza mwendo kidogo.

*Pedali nibadilishe kila pigo?*
Badilisha besi au kodi inapobadilika. Kanyaga mara tu baada ya noti kutoa sauti, si pamoja nayo, la sivyo kodi ya zamani inabaki ndani.

*Kinanda cha vitufe 61 kitatosha?*
Kwa hatua ya 3 kitakusaidia, mradi kinasikia uzito wa kidole. Kipande kizima kinataka 88.

*Kuna rekodi ya kufuata?*
Ya Grieg mwenyewe, Paris, 1903. Ina mikwaruzo mingi. Sikiliza mwendo tu.