Kubadili AC ya gari la zamani kutoka R12 kwenda R134a ukiwa Mbeya au Iringa

Magari mengi yaliyotoka kiwandani kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yanatumia R12, gesi ya zamani ya kupoozea AC; R134a ndiyo iliyochukua nafasi yake. Soma kibandiko chini ya boneti, na usichanganye gesi hizi mbili hata kidogo. R12 iliyobaki ivutwe kwa mashine hadi mtungini. Usiiachie hewani: inakula tabaka la ozoni, na ndiyo sababu Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaanza kuiondoa sokoni.

Kazi yenyewe iko kwenye oili. R134a haichanganyiki na oili ya madini iliyokuwa ikitumika na R12. Oili hiyo ikibaki, inatuama kwenye evapareta (kipoozeo cha ndani ya gari), hairudi kwenye kompresa (pampu ya gesi), nayo inajisaga kwa ukavu. Kwa hiyo shusha kompresa, iinamishe, zungusha sahani ya mbele ya klachi (siyo puli, puli inazunguka bure) mpaka oili ikatike. Kondensa (rejeta ya AC iliyo mbele), evapareta na mabomba visafishwe kwa dawa ya AC, kisha vipulizwe kwa naitrojeni kavu. Dawa hiyo isipite kwenye kompresa wala ekspansheni valvu (valvu ya kupunguza presha kabla ya evapareta). Jaza oili ya esta kwa kipimo cha kompresa yako. Oili ya PAG ni nzuri kwenye mfumo mpya, ila mabaki ya klorini ya R12 yanaiharibu.

Drayeri (chujio la kufyonza unyevu) lazima iwe mpya, ya R134a, na vizibo vyake vifunguliwe dakika ya mwisho kwa sababu inafyonza unyevu haraka. Badilisha oringi zote, zipakwe oili kabla ya kukazwa. Funga adapta za R134a kwenye midomo ya kujazia gesi, na kama hakuna swichi ya kukata presha ya juu, iweke.

Pima uvujaji kwa naitrojeni ya psi 150 na povu la sabuni. Oksijeni ya kuchomelea usiiguse: ikikutana na oili inalipuka.

Kwenye vakyumu (kuvuta hewa na unyevu kwa pampu), mwinuko unawachanganya wengi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, hivyo geji ya kawaida inagota karibu na inchi 24 au 25 za zebaki. Haifiki 29 kama Dar es Salaam, na pampu si mbovu. Vuta saa nzima. Asubuhi za Juni na Julai washa injini kwanza ipate moto, maana unyevu ukiwa baridi hautoki vizuri. Funga valvu za geji, subiri dakika 30. Mshale ukirudi nyuma, pana tundu.

Gesi ipimwe kwa mizani: asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12. Kama kibandiko kinasema gramu 800, weka 640, washa AC, kisha ongeza kidogo kidogo bila kuvuka 680. Injini ikiwaka, jazia upande wa presha ndogo tu, mtungi ukiwa wima.

Usijaze kwa kufuata geji peke yake. Kwenye baridi ya Mwanjelwa, Mbeya, presha inasoma chini, fundi anaongeza, na AC inapuliza vizuri. Gari likishuka kwenye joto la Kyela, au likipanda mlima Kitonga polepole nyuma ya lori, presha inapaa na kompresa inakata. Gesi ikiwa sahihi na bado inakata, osha kondensa na uongeze feni ya umeme mbele yake. Kondensa za R12 nyingi ni dhaifu kwa R134a.