Kesi ya madai ifunguliwe mahakama ipi? Mwongozo kwa mdai wa Tanzania

Kabla hujamlipa mtu akuandikie hati ya madai, jua kwanza ni mahakama gani yenye mamlaka ya kuisikiliza. Hoja ya mamlaka inaweza kuibuliwa wakati wowote, hata kwenye rufaa. Mahakama ya juu ikiona iliyosikiliza kesi haikuwa na mamlaka, inabatilisha mwenendo wote pamoja na hukumu, hata kama mashahidi wako walikuwa wa kuaminika na nyaraka zako zimekamilika. Na wewe na mdaiwa hamwezi kukubaliana kuipa mahakama mamlaka ambayo sheria haikuipa. Inauma sana kumwona mtu akishinda kesi na kupoteza ushindi wake kwa jambo lililopaswa kuamuliwa kabla ya kufika masijala.

Maswali ni matatu, na mpangilio wake una maana: dai ni la nini, lina thamani gani, na limetokea wapi. Wengi huanza na fedha. Anza na asili ya dai, kwa sababu inaweza kukuondoa kabisa kwenye mahakama za kawaida.

Hatua ya kwanza: dai lako ni la nini?

Kama ni la ardhi, usiende Mahakama ya Mwanzo wala ya Wilaya. Migogoro ya ardhi ina mfumo wake chini ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216. Tangu mabadiliko ya mwaka 2021, Baraza la Kata haliamui tena nani mwenye kiwanja. Kazi yake ni kusuluhisha. Hata hivyo huwezi kuliruka. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halitapokea shauri la umiliki au maslahi katika ardhi mpaka ulete hati ya Baraza la Kata inayothibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Kata ina siku 30. Zikipita bila usuluhishi kukamilika, unaweza kwenda wilayani bila hati hiyo. Kwa hiyo siku unayopeleka lalamiko kata, dai nakala yenye mhuri na tarehe. Ndiyo itakayoonyesha siku 30 zilianza lini. Baraza la Wilaya lina mamlaka hadi shilingi milioni 300 kwa madai ya kurejeshewa ardhi au nyumba, na milioni 200 kwa madai mengine ya ardhi yanayopimika kwa fedha. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Kama ni la kazi, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu. Migogoro mingine ya kazi ina siku 60. Hapa muda ni mfupi kuliko watu wanavyodhani.

Talaka huanzia kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa, kisha shauri linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo ya mahali marehemu alipokuwa na makazi yake ya kudumu. Mtu aliyeishi Tanga akafia hospitali Dar es Salaam, mirathi yake ni ya Tanga.

Ukitaka kuishtaki Serikali, lazima kwanza utoe notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu, halafu ufungue Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu kama mdaiwa. Tangu 2020 utaratibu huu unahusu pia halmashauri za wilaya, miji na majiji. Wananchi wengi wanaodai malipo ya tenda au fidia kwenye halmashauri bado hawalijui hilo.

Soma pia mkataba wako mpaka mwisho. Ukiwa na kifungu cha kupeleka mgogoro kwa msuluhishi binafsi, mdaiwa anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi mpaka utaratibu huo ufuatwe.

Hatua ya pili: thamani ya dai

Kifungu cha 13 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, kinaagiza kila shauri lifunguliwe kwenye mahakama ya ngazi ya chini kabisa yenye mamlaka. Mahakama ya Mwanzo husikiliza deni linalotokana na mkataba hadi shilingi milioni 30. Mahakama ya Wilaya na ya Hakimu Mkazi, ambazo kwa jambo hili ni ngazi moja, hufika milioni 200 kwa madai yasiyo ya mali isiyohamishika wala ya kibiashara (ya kibiashara yana kikomo cha chini zaidi).

Angalia maneno “deni linalotokana na mkataba”. Bodaboda amekugonga na matibabu yamekula milioni 4: fedha ni ndogo, lakini dai halitokani na mkataba wala mila. Hilo ni la Mahakama ya Wilaya.

Sasa penye makosa mengi zaidi. Tuseme mfanyabiashara wa Mbeya amemuuzia mwenzake mchele wa milioni 24, hajalipwa. Mwandishi wa hati anamwongezea milioni 40 za fidia ya jumla kwa usumbufu, jumla inakuwa milioni 64, na kesi inapelekwa wilayani. Siyo sahihi. Mahakama ya Rufani ilishaamua kwamba kinachopima mamlaka ni dai la msingi, siyo fidia ya jumla, kwa kuwa fidia hiyo hukadiriwa na mahakama yenyewe. Dai la msingi hapa ni milioni 24, na mahali pake ni Mahakama ya Mwanzo. Akikuambia mtu kwamba kuongeza tarakimu kutaipa kesi uzito, usikubali.

Upande wa pili, ukidai milioni 205, unaruhusiwa kuachilia milioni 5 ili ubaki Mahakama ya Wilaya. Ila ukishaiachilia, huwezi kurudi kuidai.

Hatua ya tatu: mahali

Shauri la mali isiyohamishika lifunguliwe ilipo mali. Dai la madhara kwa mwili au mali inayohamishika lifunguliwe tendo lilipofanyika au mdaiwa anapoishi au kufanyia kazi. Chaguo ni lako. Madai mengine, yakiwemo ya mkataba, ni mdaiwa anapoishi au kufanyia biashara, au chanzo cha dai kilipotokea, hata kwa sehemu. Kwa hiyo muuza mchele, kama walipatana na kukabidhiana mzigo Mbeya, halazimiki kumfuata mnunuzi Dar es Salaam.

Kampuni yenye makao makuu Dar es Salaam lakini imekukosea kupitia tawi lake la Mwanza, ishtaki Mwanza. Hili ni haki yako, na linakuokolea nauli ya mashahidi.

Kosa la mahali ni jepesi kidogo kuliko la thamani au asili: mdaiwa anatakiwa kulipinga mapema, kabla mahakama haijapanga hoja zinazobishaniwa. Usilitegemee.

Kuandika na kuwasilisha

Kwa Mahakama ya Wilaya na kuendelea, hati ya madai lazima ionyeshe kwa nini mahakama ina mamlaka na itaje thamani ya dai. Ibara moja inatosha: “Thamani ya dai la msingi ni shilingi 62,000,000, mdaiwa anafanya biashara Wilaya ya Ilala na mkataba ulifanyika humo, hivyo Mahakama hii ina mamlaka.” Iandike kwa Kiswahili bila wasiwasi, tangu 2021 ndiyo lugha ya mahakama. Lipia ada kwa namba ya malipo unayopewa na mfumo, na uhifadhi risiti.

Likija pingamizi la awali kuhusu mamlaka, na ukaona ni la kweli, usibishane miezi. Omba hati irudishwe ili uipeleke mahakama sahihi. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6, ya madhara miaka 3, ya ardhi miaka 12, na kifungu cha 21 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinaruhusu kuondoa katika hesabu muda uliotumia kwa nia njema na bidii kwenye mahakama isiyo na mamlaka. Ili uondolewe muda huo, utahitaji nakala ya amri yenye tarehe ya kufungua na tarehe ya kurudishwa. Ichukue masijala siku hiyohiyo.