Kabla Hujaandika Kitabu cha Rubani cha Ndege Uliyoiunda Mwenyewe

Ndege ya kiwandani huja na kitabu chake: kasi ya kutovukwa, uzito wa kutozidishwa, na la kufanya injini ikizima. Uliyoiunda mwenyewe haina kitabu mpaka ukiandike. Cha msanifu kitakusaidia, lakini kinaeleza ndege yake, yenye injini yake na propela yake. Ukikinakili namba kwa namba, utakuwa umemwandikia rubani habari za ndege nyingine. Kwa anayerukia Mwanza hilo ni hatari zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza zungumza na TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, mapema, ndege ikiwa bado mbavu tupu. Waulize watataka kuona nini kabla ya kukupa namba ya usajili ya Tanzania, inayoanza na 5H, na ruhusa ya kuruka, maana baadhi ya vipimo ni rahisi kuvichukua kabla bawa halijafunikwa.

Mpangilio wa sura usiubuni. Tangu 1975 watengenezaji wa ndege ndogo Marekani wana mpangilio mmoja: maelezo ya jumla, mipaka, dharura, taratibu za kawaida, uwezo wa ndege, uzito na mlingano, mifumo, utunzaji, kisha nyongeza. Rubani aliyezoea ndege nyingine atajua dharura iko sura ya 3 bila kupekua.

Uzito upime, usiukadirie. Azima mizani tatu, moja kwa kila gurudumu, pima ndege ikiwa imepakwa rangi na imekamilika, imekaa sawa kwa pimamaji, ndani ya jengo milango imefungwa. Upepo wa ziwani ukipita juu ya bawa huinua sehemu ya uzito, na mizani itakudanganya. Tuseme magurudumu mawili ya nyuma yamesoma kilo 258 kwa jumla, nayo yako mita 0.60 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa. La mbele limesoma kilo 72, nalo liko mita 0.75 mbele ya ukingo huo. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, toa jibu la mbele kwenye la nyuma, gawa kwa uzito wote, kilo 330: kitovu cha uzito kiko kama mita 0.31 nyuma ya ukingo. Rudia hesabu ukiwa na rubani peke yake, na abiria, na matangi yamejaa, kisha yakiwa karibu kukauka. Petroli ya ndege ina kama kilo 0.72 kwa lita. Pima pia mafuta yanayobaki tangini bila kuifikia injini. Hayo hayahesabiwi kuwa ya safari.

Sasa suala la mwinuko. Maji ya Ziwa Victoria yako takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa nyuzi 30, hewa ya hapa ni nyepesi kama ile ambayo siku ya kawaida ungeikuta kwenye futi zaidi ya 6,000. Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inapoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, propela inashika hewa kidogo, na ingawa mshale wa kasi unasoma vilevile, magurudumu yanakimbia ardhini kwa kasi zaidi kwa karibu asilimia 10. Kwa hiyo jedwali la umbali wa kuruka litokane na majaribio ya hapa, asubuhi na mchana, na kila mstari uonyeshe joto na uzito wa siku hiyo.

Namba zenyewe zinatoka kwenye majaribio. Marekani ndege za namna hii hutengewa kwanza saa za majaribio, kwa kawaida 25 au 40, bila abiria. Tumia saa hizo kutafuta kasi ya kustoli, yaani pale bawa linapoacha kubeba, na kasi bora ya kupanda na ya kuteleza injini ikiwa imezima. Andika uzito pembeni ya kila kasi, kwa sababu ndege nzito hustoli mapema zaidi, mshale ukiwa bado juu.

Dharura ndiyo sura ninayokusihi uikalie muda mrefu. Ukiruka kuelekea majini, injini ikizima ukiwa futi 1,000 juu ya ziwa, ndege inayoteleza mita 9 kwa kila mita 1 inayoshuka itakupeleka chini ya kilomita 3 tu. Kisiwa cha Ukerewe hufiki. Andika mlango ufunguliwe kabla ya kugusa maji, na jaketi okozi lisijazwe upepo ukiwa ndani. Andika pia kwamba altimita, yaani kipimo cha mwinuko, iliyowekwa kwa usawa wa bahari itasoma kama futi 3,720 wakati magurudumu yanalowa. Kama injini ina kabureta, kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, weka hatua ya kuipasha joto: hewa yenye unyevu wa ziwa inaweza kuigandisha hata siku ya joto.

Ukimaliza sura hiyo, mkalishe rubani mwenzako kwenye kiti, ndege ikiwa imezimwa, mwingine asome kwa sauti. Mkono ukitangatanga kutafuta swichi, mstari huo uandike upya. Kila ukurasa uwe na tarehe, na nakala moja ibaki nyumbani.