Kupanda na kuzidisha tradeskantia ndani ya nyumba ya mawe, Lamu

Juzi nilishinda kwa shangazi yangu mtaa wa Mkomani, toka Adhuhuri mpaka adhana ya Alasiri, tukikata, tukitia vipande majini na kumwaga udongo ulioharibika. Alikuwa na makopo manne ya tradeskantia, ule mmea unaoning'inia, majani yake yana milia ya fedha kwa juu na zambarau iliyoiva kwa chini. Yote manne yalikuwa yameungua ncha. "Mwanangu, naupa maji asubuhi na jioni, na bado wakauka," aliniambia. Nilimwelewa, maana mwaka wangu wa kwanza makopo yangu yalikufa vivyo hivyo. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Kukata

Tumia wembe mpya. Mkasi wa jikoni siukubali kwa kazi hii. Shina limejaa maji, mkasi hulibana kabla ya kulikata, na palipobanwa ndipo panapoanza kuoza. Kata kipande cha sentimita 10 hadi 15, chini kidogo ya kifundo, pale jani linapoota kwenye shina. Kitazame hicho kifundo kwa karibu: mara nyingi utaona vinundu vyeupe mfano wa punje za ulezi. Hiyo ni mizizi, inangoja maji tu. Asili ya mmea ni Mexico na Amerika ya Kati, lakini ni jamaa ya lile gugu la maua ya buluu linalotambaa mashambani kwetu, ambalo ukiling'oa na kuliacha juu ya udongo mbichi huota tena. Kwa hiyo usiogope kukata.

Utomvu wake huwasha ngozi ya baadhi ya watu. Nawa mikono ukimaliza.

Hatua ya 2: Kuotesha

Ondoa majani ya chini, tia vipande ndani ya gilasi ya maji, vifundo viwili vizame. Badilisha maji kila baada ya siku mbili, yasioze wala yasizalishe mbu. Kwa joto letu mizizi hutoka ndani ya wiki moja hivi. Ikifika sentimita 3, panda.

Hatua ya 3: Udongo na maji

Hapa ndipo nilipopoteza miezi. Niliona ncha zinakuwa kahawia, nikadhani ni kiu, nikaongeza maji. Zikazidi. Nikahamisha kopo, nikatia samadi, zikazidi tena. Siku moja nikaona ukoko mweupe kwenye ukingo wa kopo. Nikaukwangua kwa ukucha nikaonja: chumvi tupu. Kisima chetu ni cha maji ya chumvichumvi, kama vilivyo visima vingi vya mjini, na kila nilipomwagilia, maji yaliruka hewani, chumvi ikabaki. Yaani kadiri nilivyouhurumia mmea ndivyo nilivyouua.

Kuchemsha maji hakuondoi chumvi. Kuyaacha yalale usiku kucha pia hakuondoi. Yakipungua ndiyo yanazidi ukali. Maji ya birika nayo (tangi la kuhifadhia maji ya nyumba), ikiwa birika limejazwa kutoka kisimani, ni yale yale. Yanayofaa ni ya mvua. Wakati wa masika kinga kila dumu ulilo nalo, ulifunike. Masika yakipita, tafuta jirani au nyumba ya wageni yenye kiyoyozi, uombe maji yanayodondoka kwenye bomba lake. Hayana chumvi karibu kabisa, na kila siku yanamwagwa bure. Ya kunywa hayafai, ya mimea yanafaa sana.

Ukilazimika kutumia ya kisima, basi mara moja kwa mwezi lioshe kopo zima: mimina maji ya mvua taratibu, mara mbili au tatu ya ujazo wa kopo, yatoke yote chini. Usiache sahani ya maji chini ya kopo, maana mmea utayanywa tena na chumvi yake.

Udongo nao una mitego. Mchanga wa ufukweni usiuguse. Mchanga wa vilima vya Shela pia nauacha pale pale, na wewe uuache: vile vilima ndivyo vinavyohifadhi maji matamu ya mji huu. Nunua mchanga wa mjenzi, uuoshe. Makumbi ya nazi ni mazuri mno kwa kulegeza udongo, lakini uliza yametoka wapi. Yaliyofukiwa pwani ili kupata usumba wa kamba yamekunywa maji ya bahari. Chukua makumbi makavu ya jikoni, yakatekate, loweka usiku mmoja, suuza mara tatu. Mimi huchanganya makumbi mafungu mawili, mchanga fungu moja, na samadi ya punda fungu moja. Samadi hiyo iwe imekaa miezi mitatu, isiwe na joto wala harufu.

Chungu cha udongo kinapendeza, lakini mmea huu siuweki humo tena, kwa sababu chumvi hujificha kwenye kuta zake. Dumu la plastiki la lita 5 lililokatwa nusu na kutobolewa matundu sita chini linashinda vyungu vyote. Panda vipande vinane katika dumu moja, la sivyo utakuwa na nyuzi tatu zinazoning'inia kwa upweke.

Mwagilia pale kidole kikiingia mpaka fundo la kwanza na kukuta pakavu, basi.

Hatua ya 4: Mahali

Kidaka, kile kishubaka cha ukutani, kinavutia macho, lakini ni kiza. Ndani ya wiki chache milia inafifia na majani yanageuka kijani. Tundika ukingoni mwa kiwanda cha ndani, yaani ua ulio wazi juu, panapofika mwanga mwingi bila jua la saa sita. Juu darini, kwenye paa, sipashauri wakati wa kusi, kwa sababu upepo huja na chumvi ya bahari. Tena litundike juu wasikofika paka, kwani wakitafuna majani huwashwa.

Hatua ya 5: Kupogoa

Finya ncha kila wiki tatu ili zichipue matawi. Mmea ukifikisha mwaka, sehemu ya juu hubaki vijiti vitupu. Usihangaike kuufufua: kata ncha zote, rudi hatua ya 1, na udongo wa zamani umwage. Makopo manne ya shangazi tuliyamaliza hivyo, na sasa vipande ishirini na kitu viko kwenye gilasi dirishani kwake.