Juisi ya ukwaju ya nyumbani, ya kukata kiu msimu huu wa joto

Habari zenu wapendwa, Dar joto limeshika kwelikweli, kuanzia Desemba mpaka masika yaingie mwezi wa 3 hata feni inapuliza hewa ya moto, afu watu tunamaliza hela kwenye soda wakati ukwaju umejaa sokoni. Mi nauza juisi na ukwaju ndo unaisha wa kwanza kila mchana, sasa naweka hapa navyoutengeneza, inatoka jagi kubwa la kama lita 2.

Mahitaji: ukwaju robo kilo (ule uliomenywa maganda), maji ya kunywa lita 2, sukari kikombe kimoja cha chai, tangawizi kipande cha kidole gumba, iliki punje 4 au 5, na chumvi kidogo saana.

Hatua ya 1: Kununua
Chagua wa kahawia inayovutia kwenye wekundu, ukibonyeza unalainika na unanata vidoleni. Ule mweusi tii mkavu umekaa mno. Pasua donge katikati uangalie pale kwenye mbegu, ukikuta ungaunga ujue wadudu washaingia, mrudishie muuzaji.

Hatua ya 2: Kuloweka
Suuza harakaharaka utoe mchanga. Weka kwenye bakuli la udongo, la kioo au la stili, sufuria ya alumini hapana jamani, ukwaju una asidi kali unaila na juisi inapata ladha ya bati. Chemsha maji lita 1, yakishachemka mimina juu ya ukwaju, funika, uache nusu saa. Wengi wanauchemsha kabisa jikoni ila kwangu hapana, ile harufu yake nzuri inapotea na juisi inakuwa kama uji uliopoa.

Hatua ya 3: Kufikicha
Hapa ndo penye kazi yenyewe, usiwe na haraka. Nawa mikono vizuri, ingiza, minya taratibu mpaka nyama yote iachie, utasikia mbegu zinateleza zenyewe kwenye vidole na nyuzi zinabaki pembeni. Blenda iache, mbegu zikisagika juisi inakuwa na ukakasi ambao hata uongeze sukari vipi hautoki. Chuja kwa chujio. Makapi usitupe, yaongezee maji ya moto nusu lita ufikiche tena uchuje, bado yana ladha kibao!

Hatua ya 4: Sukari na viungo
Nusu lita ya maji iliyobaki tia kwenye sufuria na sukari, tangawizi uliyoiponda na iliki, ichemke dakika 5, epua, chuja, iache ipoe. Hapa sufuria yoyote inafaa maana ukwaju haupo. Afu unaimimina kwenye juisi kidogokidogo huku unaonja, usimwage yote kwa mkupuo, ukwaju wa leo na wa kesho hauwi na ukali sawa. Ikiwa bado haijapoa acha utamu uzidi kidogo tu maana ikishaingia friji unapungua. Ila ukali lazima usikike, juisi ya ukwaju isiyokunja uso hata kidogo hiyo ni maji ya sukari. Malizia na ile chumvi.

Kwenye friji inakaa siku 3 hivi, itikise kabla ya kumimina sababu inatuama. Ukifungua ikatoa gesi au povu imeshachacha, mwaga. Barafu nayo igandishe kwa maji yaliyochemshwa, juisi safi unaweza ukaiharibu na barafu ya maji ya bomba na watu wakaumwa matumbo.

Watoto wape nusu glasi kwanza, ukwaju unalainisha tumbo. Inayobaki nagandisha kwenye vikombe vidogo na kijiti katikati, wanaotoka shule wanazipenda balaa.