Jinsi ya Kupima Kazi ya Meneja Mkuu wa Hoki ya Barafuni: Dean Lombardi na Los Angeles Kings

Meneja mkuu wa klabu ya hoki ya barafuni havai viatu vya kuteleza wala hasimami nyuma ya benchi kuwapangia wachezaji zamu. Kazi yake ni kuamua nani asajiliwe, nani abadilishwe na nani, nani alipwe kiasi gani na kwa miaka mingapi, na kocha gani aajiriwe au aondolewe. Maamuzi hayo huchukua miaka kuzaa matunda, lakini mashabiki humhukumu kwa haraka: timu ikitwaa Kombe la Stanley, kombe la ubingwa wa ligi, anaitwa fundi, na akifukuzwa anaitwa mtu aliyeiharibu klabu. Dean Lombardi, aliyeiongoza Los Angeles Kings kuanzia Aprili 2006 hadi Aprili 2017, ameitwa yote mawili. Aliipa klabu hiyo, iliyoanza kucheza mwaka 1967, makombe yake mawili ya kwanza, 2012 na 2014, na miaka mitatu baada ya kombe la pili akaachishwa kazi. Nimemchagua kwa sababu naamini hatendewi haki na upande wowote kati ya hizo mbili, na kwa sababu njia ya kumpima yeye inafaa kwa meneja mwingine yeyote.

Anza na hesabu ya alichokikuta mezani, kabla hujatazama kombe lolote. Nahodha wa makombe yote mawili, Dustin Brown, alichaguliwa na klabu mwaka 2003 katika uchaguzi wa vijana, ambako klabu za ligi huchukua wachezaji wapya kwa zamu. Anze Kopitar, mchezaji wa kati aliyekuwa uti wa mgongo wa timu, alichaguliwa mwaka 2005 akiwa wa 11, na golikipa Jonathan Quick alichukuliwa mwaka huohuo akiwa wa 72. Hao wote ni mavuno ya mbegu zilizopandwa na mtangulizi wake, Dave Taylor. Anayempa Lombardi sifa ya kuwagundua wachezaji hawa anakosea. Hata hivyo, kulinda ulichorithi nako ni kazi, kwa maana meneja mpya mwenye haraka angeweza kumbadilisha kijana kama Quick, ambaye wakati huo hakuwa na jina, ili apate golikipa mzoefu wa msimu mmoja. Weka basi safu mbili katika daftari lako, moja ya aliowakuta na nyingine ya aliowaleta, na usizichanganye hadi mwisho.

Pima pia kwa sheria za wakati wake. Msomaji aliyezoea kandanda anajua kwamba klabu tajiri inaweza kununua mchezaji yeyote inayemtaka, lakini katika Ligi ya Taifa ya Hoki, NHL, mchezaji hauzwi kwa fedha namna hiyo. Hubadilishwa kwa mchezaji mwingine au kwa nafasi katika uchaguzi wa vijana unaofanyika kila mwaka. Zaidi ya hayo, baada ya msimu wa 2004-05 kufutwa wote kwa sababu ya mgogoro kati ya wamiliki na wachezaji, ligi iliweka kikomo cha mishahara ambacho kilianza na dola milioni 39 kwa kila klabu. Lombardi alifika Los Angeles kabla sheria hiyo haijatimiza mwaka mmoja. Kila dola aliyompa mchezaji mmoja aliiondoa kwa mwingine, na kwa hiyo mkataba mbaya haukuwa hasara ya mwenye klabu peke yake, bali pengo katika kikosi.

Katika uchaguzi wa vijana, usiridhike na jina la kwanza katika orodha. Mwaka 2007 Lombardi alitumia nafasi ya 4 kumchukua beki Thomas Hickey, ambaye hakuwahi kuichezea Kings mechi hata moja ya ligi. Ukiishia hapo utamwita meneja kipofu. Lakini mwaka huohuo alimchukua Wayne Simmonds akiwa wa 61, Alec Martinez akiwa wa 95 na Dwight King akiwa wa 109, na ni Martinez aliyefunga goli lililoamua fainali ya 2014 dhidi ya New York Rangers, katika muda wa nyongeza wa pili wa mechi ya tano. Mwaka uliofuata alimpata Drew Doughty akiwa wa pili, na hapo sifa ziwe za kiasi, kwa kuwa nafasi ya juu namna ile hutokana na timu kufanya vibaya. Mimi huupa uzito mkubwa zaidi uteuzi wa raundi za chini, ambako macho ya wasaka vipaji wa klabu huonekana wazi.

Sehemu inayodai uvumilivu zaidi ni mabadilishano ya wachezaji. Kwa kila badilishano andika tarehe, walioondoka, waliokuja, na hali ya timu siku ile, kisha ujiulize maswali mawili tofauti: je, uamuzi ulikuwa na akili kwa yaliyojulikana siku hiyo, na je, matokeo yake yalikuwaje? Juni 2011 Lombardi aliwatoa Brayden Schenn na Simmonds kwenda Philadelphia ili ampate Mike Richards. Ukihesabu magoli ya miaka iliyofuata, Philadelphia walinufaika kwa muda mrefu zaidi. Februari 2012 akamtoa beki Jack Johnson pamoja na nafasi ya raundi ya kwanza kwenda Columbus ili ampate Jeff Carter, wakati timu yake ilikuwa inahangaika kufunga. Miezi minne baadaye Kings walikuwa mabingwa, Richards na Carter wote wakiwemo. Katika hesabu ya kila badilishano peke yake unaweza kumkata maksi kwa lile la Richards, lakini meneja hajengi safu za takwimu. Anajenga timu inayohitaji kitu fulani mwaka fulani, naye alijua alichokihitaji. Lile ninaloliona bora kuliko yote halikupigiwa kelele: Machi 2009 alimpata Justin Williams kwa kumtoa Patrick O'Sullivan na nafasi ya uchaguzi, na Williams huyo ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mtoano wa 2014.

Uteuzi wa kocha uupime vivyo hivyo. Desemba 2011, timu ikiwa haifungi, alimwondoa Terry Murray akamleta Darryl Sutter, aliyekuwa amefanya naye kazi San Jose. Kumwita rafiki wa zamani kunaweza kuwa uvivu wa kutafuta. Safari hii kulikuwa ujuzi wa mtu, na msimu ule wenyewe ulitoa ushahidi.

Usiisahau bahati. Mwaka 2012 Kings waliingia mtoano wakiwa wa nane katika kanda ya Magharibi, nafasi ya mwisho ya kufuzu, na hakuna timu ya nafasi hiyo iliyokuwa imewahi kutwaa kombe kabla yao. Mwaka 2014 walikuwa nyuma kwa mechi tatu kwa bila dhidi ya San Jose, wakageuza mambo, kisha wakashinda mechi ya saba katika mizunguko mitatu mfululizo. Ukitazama hayo peke yake utasema walibahatika. Lakini katika mtoano wa 2012 walishinda mechi 16 kati ya 20, na timu isiyo na uwezo haifiki fainali mbili katika miaka mitatu. Mimi naikubali bahati katika kombe la pili zaidi kuliko la kwanza, ingawa najua wengi huhesabu kinyume.

Sasa njoo kwenye mikataba, ambako ndiko Lombardi alikojikwaa. Julai 2013 alimpa Brown mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 47, na katika misimu minne iliyofuata nahodha huyo hakufikisha pointi 40, yaani magoli na pasi za magoli kwa pamoja, hata mara moja. Richards naye alikuwa na mkataba wa miaka 12 alioutia saini Philadelphia, na kiangazi cha 2014 ligi ilikuwa ingali inaruhusu klabu kununua mkataba mzigo, yaani kumlipa mchezaji aondoke, bila adhabu katika kikomo cha mishahara. Lombardi hakuitumia ruhusa hiyo; alimwamini mchezaji aliyempa makombe mawili. Mwaka uliofuata klabu iliuvunja mkataba huo, na kwa miaka mingi baadaye iliendelea kubeba sehemu ya fedha zake katika hesabu ya mishahara. Ukiandika kosa hili, andika na chanzo chake. Utiifu kwa watu wake ndio uliomleta Sutter na ndio uliowaweka pamoja wachezaji wa 2012, na utiifu huohuo ndio uliomzuia kuachana nao ulipofika wakati. Meneja huja na tabia moja, na haki ni kuipima tabia hiyo pande zake zote mbili.

Kosa la pili ni kula mbegu. Kati ya 2011 na 2016 Kings hawakuwa na nafasi ya raundi ya kwanza katika miaka minne: 2011, 2013, 2015 na 2016. Mbili za mwanzo zilimleta Dustin Penner na Carter, nao wakatwaa kombe. Mbili za mwisho zilimleta beki Andrej Sekera, aliyeumia na kuondoka baada ya miezi michache, na Milan Lucic, aliyekaa msimu mmoja. Timu ilikosa mtoano mwaka 2015 ikiwa bingwa mtetezi, ikatolewa raundi ya kwanza mwaka 2016, na ikakosa tena mwaka 2017.

Baada ya kuipima kazi ya mtu hadi mwaka aliofukuzwa, subiri kidogo kabla ya kufunga daftari. Msimu wa kwanza baada ya Lombardi kuondoka, Brown alipata pointi 61, nyingi kuliko msimu wowote wa maisha yake, akaumaliza mkataba wote, na Februari 2023 jezi yake namba 23 ilistaafishwa. Mwaka 2014, katika mojawapo ya nafasi chache za raundi ya kwanza alizobaki nazo, Lombardi alikuwa amemchukua kijana wa Uswidi, Adrian Kempe, akiwa wa 29. Msimu wa 2022-23 Kempe alifunga magoli 41 chini ya uongozi wa meneja mwingine. Kwa hiyo kila hukumu unayoiandika iwekee mwaka pembeni, urudi kuisoma baada ya miaka mitano, na jina la Kempe uliandike katika safu ya Lombardi.